Maji hayapigi tu gurudumu: Safari ya shinikizo ndani ya turbaini ya stima

MUULIZE kijana yeyote jinsi bwawa linavyozalisha stima na jibu litakuja haraka: maji yanaanguka kutoka juu, yanalipiga gurudumu, gurudumu linazunguka, taa zinawaka.

Si uongo. Lakini kwa mitambo mingi mikubwa ya humu nchini, jibu hilo halifiki hata nusu ya ukweli.

Ukiteremka bonde la mto Tana, kuanzia Masinga kupitia Kamburu, Gitaru na Kindaruma hadi Kiambere, hutapata maporomoko yanayopiga gurudumu hadharani. Gurudumu limefungiwa ndani ya chuma na zege. Limejaa maji pande zote, juu na chini, na hakuna hata tone linaloruka hewani. Basi kama hakuna kinachoanguka na kupiga, nguvu inatoka wapi?

Inatoka kwa shinikizo, au presha kama tunavyoiita mtaani. Maji huingia kwenye turbaini yakiwa na shinikizo kubwa na hutoka yakiwa yamelipoteza karibu lote.

Na hapo ndipo kuna maajabu: chini kidogo tu ya gurudumu, shinikizo la maji hushuka hadi likawa dogo kuliko la hewa tunayopumua. Pale ndipo mtambo unapookota nguvu ya ziada. Pale pale pia ndipo adui wake mkubwa hujificha.

Ukielewa sehemu hiyo moja, umeelewa kwa nini mashine hizi hujengwa jinsi zinavyojengwa, na kwa nini zikiachwa bila uangalizi zinaweza kuua.

KOO MBILI ZA TURBAINI

Turbaini za maji zina koo mbili kubwa. Ukoo wa kwanza ndio ule ambao wengi tunauwaza. Maji hubanwa kwenye mdomo mwembamba wa bomba, yakatoka kama mkuki na kupiga vikombe vilivyopangwa kwenye gurudumu lililo hewani. Turbaini ya Pelton ni ya ukoo huu. Pale shinikizo lote hugeuka kasi kabla maji hayajaligusa gurudumu.

Ukoo wa pili huitwa turbaini za mjibizo. Hapa maji hufika kwenye gurudumu yakiwa bado na shinikizo kubwa, na shinikizo hilo huendelea kushuka yakiwa ndani ya gurudumu lenyewe.

Umewahi kufungua mfereji kwa nguvu huku mpira wa kunyunyizia maji ukiwa chini, haujashikwa na mtu? Mpira huruka na kujipinda kama nyoka aliyekanyagwa. Hakuna kitu kilichoupiga. Maji yakitoka kwa kasi upande mmoja, mpira husukumwa upande wa pili. Huo ndio mjibizo. Gurudumu la turbaini hizi ni kama mipira mingi iliyopindwa na kufungwa pamoja kwenye mhimili mmoja.

Mfaransa Benoît Fourneyron alitengeneza turbaini ya kwanza ya aina hii iliyofanya kazi vizuri mnamo 1827. Mwishoni mwa miaka ya 1840, James Francis, mhandisi mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi katika mji wa viwanda wa Lowell, Marekani, aliiboresha kwa kuyafanya maji yaingie kutoka nje kuelekea katikati. Mwaka wa 1913, Viktor Kaplan wa Austria akapata hataza ya turbaini yenye mapanga yanayoweza kugeuzwa, ambayo huwafaa wenye maji mengi lakini kimo kidogo.

Majina hayo mawili ya mwisho yako hapa kwetu. Kamburu, Gitaru na Kiambere hutumia turbaini za Francis. Kindaruma, ambako kimo cha maji ni kidogo, hutumia za Kaplan. Gitaru peke yake ina uwezo wa megawati 225, na hakuna kituo kingine cha nguvu za maji nchini kinachoipita.

KITUO CHA KWANZA: BOMBA KUU

Tuchukue mfano rahisi. Tuseme maji ya bwawa yako mita 100 juu ya mto unaoyapokea baada ya kazi, na gurudumu la Francis limewekwa mita tatu juu ya uso wa mto huo.

Maji hushuka kwa bomba kuu lenye kipenyo kikubwa. Kwa kuwa bomba ni pana, maji hayana haraka. Tuseme yanasonga mita tano kwa sekunde, yaani kilomita 18 kwa saa. Mwendesha baiskeli anaweza kwenda nayo sambamba.

Lakini usidanganyike na mwendo huo wa pole. Kila mita 10 za kimo huongeza karibu kilo moja ya msukumo kwa kila sentimita moja ya mraba. Yakifika mlangoni pa turbaini, maji yetu yana karibu kilo tisa na nusu kwa kila sentimita ya mraba.

Kwa lugha ya wale wanaojaza hewa magurudumu, hiyo ni kama 135 psi. Gurudumu la gari dogo hujazwa takriban 30 au zaidi kidogo. La lori kubwa hufika 110 au hivi. Sasa wazia shinikizo linalozidi la gurudumu la lori, likisukuma kila kona ya chumba cha chuma chenye upana wa nyumba.

KITUO CHA PILI: KONOKONO

Bomba kuu haliishii ghafla kwenye gurudumu. Hujizungusha kulizingira, likizidi kuwa jembamba kadiri linavyozunguka, mithili ya ganda la konokono.

Wembamba huo una sababu. Maji yanapozunguka, sehemu yake huingia ndani kuelekea gurudumu, kwa hivyo yanayobaki hupungua. Kama konokono angekuwa na upana ule ule mwanzo hadi mwisho, maji yangepunguza mwendo njiani na shinikizo lingetofautiana kutoka upande mmoja hadi mwingine. Gurudumu lingesukumwa zaidi upande mmoja, na mhimili ungeanza kutikisika.

Kwa kupunguza upana kwa hesabu, mhandisi huhakikisha kwamba gurudumu linapokea maji yenye kasi na shinikizo karibu sawa pande zote.

KITUO CHA TATU: VIBAO VYA MLANGONI

Kati ya konokono na gurudumu kuna duara la vibao vya chuma vinavyosimama kama louva za dirisha. Vikifunguliwa, maji mengi hupita. Vikifungwa, turbaini husimama. Kasi ya mashine na kiasi cha stima kinachotoka hutawaliwa hapa.

Vibao hivi vina kazi nyingine pia. Nafasi kati ya kimoja na kingine ni nyembamba, kwa hivyo maji hulazimika kukimbia. Katika mfano wetu yanaweza kufika mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa. Kumbuka matatu haziruhusiwi kupita 80.

Kasi hiyo hailetwi bure. Hununuliwa kwa shinikizo. Karibu nusu ya shinikizo tulilokuwa nalo hutumika hapa, na maji yanapoliacha duara la vibao yana karibu kilo tano tu kwa kila sentimita ya mraba.

Wengi hapa hukwama. Walimu hufundisha kanuni ya Bernoulli kwamba kasi ikipanda shinikizo hushuka, nasi tunaikariri kwa ajili ya mtihani. Lakini kwa nini iwe hivyo?

Fikiria tone moja la maji. Ili liongeze mwendo ni lazima kitu kilisukume. Linasukumwa na maji yaliyo nyuma yake na kuzuiwa na maji yaliyo mbele. Likiongeza mwendo, maana yake msukumo wa nyuma umeushinda wa mbele. Kwa hivyo shinikizo la nyuma ni kubwa na la mbele ni dogo. Tone limetoka penye shinikizo kubwa kwenda penye dogo, na ndiyo maana limekimbia. Kanuni nzima ni hiyo, na haihitaji miujiza.

KITUO CHA NNE: NDANI YA GURUDUMU

Sasa maji yanaingia kwenye gurudumu yakiwa na mali mbili mkononi: kasi waliyopewa na vibao, na shinikizo la kilo tano lililobaki. Gurudumu huzitaka zote mbili.

Mapanga ya gurudumu la Francis yamepindwa, na njia iliyo kati yake huyalazimisha maji kugeuka kutoka mwendo wa kuzunguka hadi mwendo wa kushuka chini. Maji yakigeuzwa, hujibu kwa kuyasukuma mapanga.

Kila panga lina nyuso mbili. Uso mmoja hubeba shinikizo kubwa, na mwingine dogo. Tofauti kati ya nyuso hizo mbili, ikizidishwa kwa ukubwa wa panga na kwa umbali wake kutoka mhimilini, ndiyo nguvu inayozungusha jenereta. Bawa la ndege hubebwa na hewa kwa njia iyo hiyo.

Njia zile pia hubanwa kuelekea mwisho, kwa hivyo maji huendelea kukimbia kwenye mapanga huku shinikizo likishuka zaidi na zaidi. Kutoka kilo tano hadi tatu, hadi moja, hadi sifuri.

Ungedhani sifuri ndio mwisho wa safari. Sivyo. Geji iliyowekwa chini kidogo ya gurudumu itashuka chini ya sifuri.

KITUO CHA TANO: BOMBA LA MKIA

Chini ya gurudumu kuna bomba jingine ambalo wageni wanaotembelea vituo hawalioni, kwa kuwa limezikwa kwenye zege. Tuliite bomba la mkia. Huanza likiwa na upana wa gurudumu, kisha hupanuka polepole hadi linapotokea ndani ya maji ya mto.

Mtu anaweza kuuliza: maji yameshafanya kazi, si yaachwe tu yadondoke? La. Bomba hili hufanya kazi mbili zenye faida kubwa.

Ya kwanza ni kuokoa kimo. Gurudumu letu liko mita tatu juu ya mto. Bila bomba, maji yangetoka kwenye gurudumu na kudondoka mita tatu bure. Lakini bomba likijaa maji bila upenyo wa hewa, safu ile ya mita tatu huning'inia chini ya gurudumu na uzito wake huvuta kila kilicho juu yake. Ni kama unapoziba mdomo wa juu wa mrija kwa kidole, ukauinua kutoka kwenye glasi na soda ikabaki ndani ikining'inia.

Ya pili ni kuokoa kasi. Tuseme maji yanaondoka kwenye gurudumu yakienda mita nane kwa sekunde. Mwendo huo una kawi sawa na kimo cha zaidi ya mita tatu. Bomba likipanuka polepole, maji hupunguza mwendo hadi mita mbili kwa sekunde, na ile kanuni ya Bernoulli hugeuka upande wa pili: kasi ikishuka, shinikizo hupanda.

Lakini ngoja kidogo. Shinikizo linapanda hadi wapi? Mwishoni mwa bomba, maji hukutana na mto ulio wazi kwa hewa, kwa hivyo uso wake ni lazima uwe na shinikizo la hewa. Hauna hiari. Ikiwa shinikizo linapanda likielekea huko, basi mwanzoni mwa bomba lilikuwa chini ya lile la hewa.

Tupige hesabu. Mita tatu za kimo, jumlisha takriban mita mbili na nusu zinazookolewa kutokana na kasi, kwa kuwa nyingine kidogo hupotea kwa msuguano. Jumla ni karibu mita tano na nusu za maji chini ya shinikizo la hewa.

Hewa ya Mombasa hubonyeza kwa kiwango kinacholingana na safu ya maji ya mita 10.3. Maana yake shinikizo lililo chini ya gurudumu letu ni kama nusu ya hewa ya Mombasa.

Mita tano na nusu kati ya 100 ni karibu asilimia sita ya nguvu yote. Kwa kituo kikubwa hizo ni megawati kadhaa zinazookotwa kutoka kwenye bomba ambalo hakuna anayelipiga picha. Sasa chukua kituo chenye kimo cha mita 20 tu. Mita zile zile tano na nusu zinakuwa zaidi ya robo ya nguvu yake. Ndiyo maana kwenye turbaini za Kaplan, bomba la mkia ni jambo la kufa na kupona.

MAJI BARIDI YANAYOCHEMKA

Sasa tumfikie yule adui.

Kila anayepika githeri anajua kwamba sufuria ya presha huivisha haraka. Ndani yake shinikizo ni kubwa, kwa hivyo maji hayachemki hadi yafike nyuzi 120 hivi. Kinyume chake pia ni kweli: shinikizo likipungua, maji huchemka mapema. Nairobi, ambako hewa ni nyepesi kuliko Pwani, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 badala ya 100.

Endelea kupunguza shinikizo na utafika mahali ambapo maji ya nyuzi 25, yale ya kawaida ya mtoni, yanachemka bila moto. Hilo hutokea shinikizo likishuka hadi karibu asilimia tatu ya hewa ya Pwani.

Kwenye mfano wetu, wastani wa shinikizo chini ya gurudumu ni nusu ya hewa. Lakini wastani huficha mengi. Kwenye ukingo wa panga, mahali maji yanapokata kona kwa kasi zaidi, shinikizo linaweza kushuka hadi kiwango hicho cha kuchemka. Viputo vidogo vya mvuke huzaliwa.

Viputo hivyo husafiri na maji. Hatua chache mbele shinikizo linapanda tena, navyo haviwezi kuvumilia. Hubonyea kwa ghafla, na maji yaliyovizunguka hukimbilia katikati kwa kishindo. Mwanasayansi Mwingereza, Lord Rayleigh, alipiga hesabu ya kishindo hicho mwaka wa 1917 na kuonyesha kwamba shinikizo la mahali kiputo kinapobonyea linaweza kulizidi mara nyingi sana lile la maji yaliyokizunguka.

Kiputo kimoja ni kitu kidogo. Lakini viputo maelfu kwa maelfu vikibonyea juu ya uso wa chuma usiku na mchana, kwa miezi, chuma huanza kuliwa. Panga hutobokatoboka kama punje ya mahindi iliyovamiwa na fukusi. Wahandisi huita balaa hili kavitesheni. Anayesimama karibu na mtambo ulioathirika huweza kusikia sauti kama ya changarawe ikipita ndani ya bomba, ilhali hakuna changarawe.

Tiba zipo. Mafundi husimamisha mtambo, wakajaza mashimo kwa kuchomelea chuma kisichoshika kutu na kulainisha upya umbo la panga. Baadhi ya mitambo huruhusiwa kuvuta hewa kidogo chini ya gurudumu ili kupoza mshindo.

Tiba bora zaidi hufanywa kabla hata ya msingi kuchimbwa: gurudumu huwekwa chini zaidi, mara nyingi chini ya uso wa mto wa kutokea, ili maji yaliyo juu yaongeze shinikizo. Nyanda za juu jambo hili lina uzito zaidi. Hewa ya Nairobi hubonyeza kama mita 8.5 tu za maji, siyo 10.3. Mchoro ulionakiliwa kutoka kituo cha pwani ukajengwa mlimani bila kubadilishwa unaweza kula magurudumu yake.

SIKU MTAMBO ULIPORUKA

Shinikizo hutesa turbaini kwa njia nyingine pia. Kila gurudumu hubuniwa kwa kiwango fulani cha maji ambapo maji hutoka yakiwa yamenyooka. Ukilifanyisha kazi kwa mzigo mdogo, maji hutoka yakiwa bado yanazunguka, na katikati ya bomba la mkia hujisokota kamba ya mvuke na maji inayojinyonganyonga. Kamba hiyo huzunguka polepole kuliko gurudumu, mara nyingi kwa robo hadi theluthi ya mwendo wake, na kila mzunguko hutuma pigo la shinikizo kwenye mtambo mzima.

Kwa hivyo kila turbaini ina eneo la mzigo ambalo waendeshaji huambiwa walipite haraka, wasikae hapo.

Agosti 17, 2009, kwenye kituo cha Sayano-Shushenskaya katika mto Yenisei, Siberia, Urusi, turbaini nambari mbili ilikuwa ikitumiwa kupandisha na kushusha mzigo kulingana na mahitaji ya gridi. Ilikuwa ya aina ya Francis, na ililazimika kupita eneo lile la mtikisiko tena na tena.

Kifuniko cha juu cha turbaini kilishikiliwa kwa bolti. Uchunguzi ulibaini kwamba bolti nyingi zilikuwa zimechoka na kupasuka kwa muda mrefu. Asubuhi hiyo zilikatika. Shinikizo la maji chini ya kifuniko, kutoka kwa kimo cha zaidi ya mita 190, lililirusha juu gurudumu pamoja na jenereta yake, na maji yakafurika ukumbini. Watu 75 walifariki.

Somo la pale si la Warusi peke yao. Kila mara gridi inapoongeza kawi ya upepo na jua, mitambo ya maji ndiyo huambiwa ijaze pengo upepo unapotulia au jua linapotua. Kenya ina mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, na mahitaji yetu ya stima hufika kileleni jioni jua likiwa limeshazama. Ukame nao ukishusha maji ya bwawa, kimo hubadilika na turbaini hulazimika kufanya kazi mbali na kiwango chake. Fundi anayepima mtikisiko na kukagua bolti ana kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa.

GIZA LINAPOINGIA GHAFLA

Stima ikipotea nchi nzima, kama ilivyotokea Agosti 25, 2023, wengi wetu hutafuta mshumaa na kuanza kulalamika. Kwenye kituo cha maji, usiku kama huo ni wa jasho.

Jenereta ikikatwa kutoka kwenye gridi, mzigo hutoweka na gurudumu huanza kukimbia bila breki. Vibao vya mlangoni ni lazima vifungwe. Lakini vikifungwa haraka mno, maji yote yaliyo kwenye bomba kuu yanayokuja nyuma hugonga ukuta. Katika bomba la chuma, kila mita moja kwa sekunde inayozuiwa papo hapo huweza kuongeza takriban kilo 10 kwa kila sentimita ya mraba. Maji yetu ya mita tano kwa sekunde yangeleta zaidi ya kilo 50, kwenye bomba lililozoea kilo kumi.

Wakati uo huo, upande wa chini, maji ya bomba la mkia huendelea kwenda kwa mazoea yake, yakaacha uwazi nyuma, kisha yakarudi kwa kishindo.

Kwa sababu hiyo vibao hufungwa kwa sekunde kadhaa zilizopigiwa hesabu, si chini na si zaidi, na vituo vyenye njia ndefu ya maji hujengewa shimo au tangi refu la wima ambako maji hupanda na kupumua badala ya kupasua bomba.

PAMPU ILIYOGEUZWA

Usidhani haya yote ni ya mabwawa makubwa tu. Kule Thima, kaunti ya Kirinyaga, mradi wa kijiji ulitumia pampu ya kawaida iliyozungushwa kinyumenyume na maji ili kuzalisha takriban kilowati 2.2. Pampu kama hiyo ikigeuzwa ni turbaini ya mjibizo, ndogo lakini yenye tabia zote tulizozieleza.

Kijana mwenye mto karibu na nyumbani na anayetaka kujaribu mradi kama huo ana mambo manne ya kuchukua hapa. Usikate bomba la kutokea na kuacha maji yamwagike hewani; lishushe hadi mdomo wake uzame. Hakikisha halivuji hewa, kwani upenyo mdogo huua mvuto wote. Lipanue polepole, maana likipanuka ghafla maji hujitenga na kuta na faida hupotea. Na usiweke mashine juu sana ya mto. Zaidi ya mita chache, viputo vitaanza kazi.

Weka geji mbili, moja kabla ya mashine na nyingine baada yake, iwe ya aina inayosoma chini ya sifuri. Ya kwanza itakuambia bwawa limekupa nini. Ya pili itakuambia umetumia kiasi gani, umeacha kiasi gani, na kama umeanza kukaribia pale maji baridi yanapochemka.